Televisheni ya Bi Swabaha

Kibokoni,
Jumamosi, 14 Mfunguo Tisa

Kwa Fundi Faraj, Mwembe Tayari.

Assalaam alaykum. Barua hii anakuletea Ndinda, yule mama wa mboga anayepita mlango hadi mlango na kikapu chake cha Marikiti. Usishtuke kuona mwandiko wangu. Ingekuwa siku nyingine ningetuma mtu akuite uje utazame mwenyewe, lakini unajua niko eda tangu alipotutoka mume wangu, marehemu Ghalib. Mwanamume asiye maharimu haingii hapa, hata akija na bisibisi mkononi.

Shida yangu ni televisheni. Ile ya zamani yenye mgongo mkubwa, uliyoitengeneza mara nyingi hata nimesahau ni ngapi, imezima kabisa. Zakariya, mwanangu aliye Kanada, amenipigia simu kusema atalipia mpya duka la hapa mjini, ila nichague mwenyewe: plasma au LCD. Nikamwambia, mwanangu, miye najua televisheni ya kuwaka na televisheni ya kuzima. Akacheka weee. Akasema, "Mama, waulize wanaojua."

Ninaowajua wanaojua ni wewe peke yako. Basi niambie, Fundi. Moja tu. Wala usiniandikie kitabu, maana nakujua kwa maneno.

Wasalaam,
Swabaha binti Mselem

Ndinda anasema umpe soda. Ni yeye aliyesema, si miye.


Mwembe Tayari,
1 Juni 2010

Bi Swabaha,

Waalaykum salaam warahmatullahi wabarakatuh. Nakupa pole tena ya msiba. Nilikuwa kwenye maziko, nyuma kule, sijui kama uliambiwa. Bwana Ghalib alikuwa mtu wa kusalimia mafundi kwa majina yao, na hao si wengi.

Sasa hili la televisheni. Mji mzima unaniuliza swali hilohilo mwezi huu. Kombe la Dunia ni siku kumi zijazo na kila mwenye televisheni mbovu ameikumbuka leo. Duka limejaa mpaka mimi mwenyewe nakalia kigoda nje. Wote wanataka jibu la neno moja, na wote nawajibu ovyo, kwa sababu hawaniambii wanaishije nyumbani kwao.

Plasma, weusi wake ni weusi kweli. Uso wa mtu unauona uso. Lakini ni nzito, ina joto, inakula stima, na haipendi chumba chenye jua. LCD ni nyepesi, haili stima sana, na hata dirisha likiwa wazi mchana kutwa picha inang'aa. Ubaya wake ni mmoja: ukiitazama kwa ubavu rangi zinapauka. Aliyekaa katikati anaona harusi, aliyekaa pembeni anaona ukungu.

Kwa hivyo nijibu haya. Utaiweka chumba gani? Dirisha linaelekea wapi? Unatazama wakati gani? Na mtakaa wangapi?

Hilo la mwisho ndilo kubwa. Kama ni mtu mmoja, LCD itamtosha. Kama ni watu wawili, mmoja huku na mmoja kule, basi ni plasma.

Soda nimempa. Ameomba na mandazi, nimempa.

Wako katika utumishi,
Faraj Bakari, fundi


Kibokoni,
Jumamosi, 21 Mfunguo Tisa

Fundi Faraj,

Assalaam alaykum. Chumba ni sebule ya juu. Dirisha linaelekea njia, na siku hizi pazia halifunguliwi, kwa hivyo usiniulize habari za jua. Sijaliona tangu Machi, nasikia tu watu wakililalamikia.

Mtakaa wangapi! Swali gani hilo kumuuliza mjane? Tutakaa mimi na kiti cha Ghalib. Ndinda naye hukaa chini dakika tano akipumzisha miguu, kisha huondoka. Haya, fanya hesabu yako.

Nikwambie jambo ambalo sikuliandika mara ya kwanza. Mke wa Zakariya ni mjamzito, anatarajia mwezi wa tisa, na watoto wawili wa kwanza bado wadogo. Zakariya anataka niende nikakae nao huko moja kwa moja. Ameniwekea mambo wazi. Kama nataka televisheni, maana yake nimeamua kubaki Mombasa, naye hatanisumbua tena. Kama sitaki, eda ikiisha atakuja mwenyewe kunichukua. Kwa hivyo siku nitakayomtajia plasma au LCD, nitakuwa nimejibu hilo pia.

Naogopa, Fundi. Ndugu niliye naye hapa ni kaka yangu Fuad wa Mbaraki, na yeye akija kunitazama hutazama saa zaidi. Kukaa peke yangu na televisheni, hata iwe nzuri namna gani, sikutaki. Na kwenda kufia kwenye baridi ya watu pia sikutaki. Sasa nitajie, nichague ipi?

Wasalaam,
Swabaha


Mwembe Tayari,
8 Juni 2010

Dadangu Mwanakuu, Lamu,

Assalaam alaykum. Nakuandikia kwa sababu simu yako naijua. Wajukuu wanaitia sauti ya juu na nyumba nzima inakaa kusikiliza, na haya si ya nyumba nzima.

Swabaha ameniandikia. Ndiyo, Swabaha binti Mselem, shoga yako wa chuoni. Anauliza habari za televisheni, na ni kweli anauliza habari za televisheni, usianze. Lakini mwanawe anataka kumchukua Kanada eda ikiisha, na yeye mwenyewe anaonekana hana kinachomshika hapa. Dada, nimesoma barua ile mara nne huku wateja wananigombeza.

Unakumbuka mwaka wa sabini na nane. Wewe ndiye uliyempelekea salamu zangu kwamba Mjomba angekuja kwa baba yake kuposa siku ya Alhamisi. Na mimi Alhamisi ile nikamzuia Mjomba, nikasema ngoja kwanza, maana nilikuwa naunda redio ya kumpelekea mzee zawadi nisiende mikono mitupu. Ilinichukua wiki mbili. Tulipobisha hodi na redio yetu, watu wa Ghalib walikuwa wameshakunywa kahawa ya posa siku tatu kabla. Redio ile ninayo mpaka leo na haijawahi kuharibika.

Safari hii sitaki kukosea. Nilikwenda kwa maalim wa msikitini, nikajifanya namuulizia mteja. Nikasema, huyo mteja wangu anaweza kumposa mwanamke aliye eda? Maalim akaniangalia, akasema, "Mwambie huyo mteja wako, kumposa waziwazi hapana mpaka eda iishe. Kugusia kwa mbali hakuna neno. Na mwambie anyoe ndevu vizuri." Basi nagusia kwa mbali, kupitia televisheni.

Ghalib alifariki tarehe kumi Machi. Nimeshika kalenda ya dukani: miezi minne ni tarehe kumi Julai, na siku kumi ni tarehe ishirini. Nimeizungushia kalamu nyekundu. Asubuhi ya tarehe ishirini barua yangu ya posa itakuwa mkononi mwake, nami nitakuwa na wazee tayari kwenda kwa Bwana Fuad.

Nipe ushauri. Ukijibu, tia kwenye basi, nitaichukua hapa ofisi ya mabasi. Ni hatua ishirini kutoka dukani kwangu.

Nduguyo,
Faraj


Mwembe Tayari,
12 Juni 2010

Bi Swabaha,

Assalaam alaykum. Nakuomba kitu kimoja: usimjibu Zakariya bado. Usimwambie plasma, usimwambie LCD, wala usimwambie hakuna.

Jambo hili linataka utaratibu. Sijajua kutoka kiti hadi ukutani ni umbali gani. Sijajua ukuta wenyewe una unyevu kiasi gani, maana nyumba za huko kwenu chumvi inatoka kwenye chokaa yenyewe na inakula nyaya. Tena hujaniambia unapenda kutazama nini. Si yeye, Mungu amrehemu. Wewe.

Jana nilitengeneza televisheni kumi na moja, zote za mpira. Watu wanazibeba wanakimbia nazo, hata asante hawasemi. Nikakaa nikafikiri kwamba katika watu wote walioniuliza mwaka huu, hakuna hata mmoja ambaye ningependa kujua anakaa kiti gani. Ila nyumba moja.

Samahani kama nimezidisha. Nipimie huo umbali.

Faraj


Kibokoni,
Jumatano, 10 Rajabu

Fundi,

Assalaam alaykum. Nimepima kwa kanga. Kutoka kiti hadi ukutani ni kanga mbili zimelazwa kwa urefu na kipande. Ukuta unatoa chumvi kila mahali isipokuwa palipokuwa na picha ya harusi yangu. Umeridhika?

Umeniuliza napenda kutazama nini. Nilikaa na swali hilo siku nzima, kwa sababu sijapata kuulizwa. Ghalib alipenda taarifa ya habari. Miaka thelathini na miwili nimetazama taarifa ya habari. Mimi napenda mapishi. Napenda kuwaona wanavyokosea, kisha nawagombeza. Hakuna mtu anayelijua hilo, hata Zakariya.

Lakini Fundi, siku zinakwenda. Zakariya anapiga simu kila Ijumaa, na kila Ijumaa namwambia fundi bado anatazama. Juzi akaniuliza, "Mama, huyo fundi anaunda televisheni au anaitengeneza?" Mtu akikuletea pasi unamwambia aje Alhamisi, na Alhamisi yenyewe ni ipi husemi. Mimi Alhamisi zako nazijua, nilishakaa nikaingojea moja kutwa nzima nimevaa vizuri. Umri wangu sasa si wa kungojea hivyo.

Kama una la kuniambia juu ya televisheni, niambie. Kama huna, niambie pia, niwache.

Swabaha


Mwembe Tayari,
30 Juni 2010

Bi Swabaha,

Assalaam alaykum. Barua yako imenikalisha chini. Wateja walinikuta nimekaa tu, wakadhani ni homa.

Ninalo la kukwambia. Siwezi kuliandika sasa, na sababu yake unaijua kuliko mimi. Nipe mpaka Jumanne, tarehe ishirini Julai. Siku hiyo asubuhi Ndinda atakuwa mlangoni kwako na jibu langu lote, la televisheni na la mengine.

Sikusema Alhamisi. Nimesema Jumanne.

Faraj


Kibokoni,
Jumapili, 6 Shaabani

Bwana Faraj,

Assalaam alaykum. Nilitoka eda Ijumaa. Wanawake wa mtaa walikuja, nikaogeshwa, nikavaa, nikala nao. Zakariya alikuwa ameshafika tangu Alhamisi na tiketi mbili za kesho Jumatatu adhuhuri. Ijumaa baada ya Magharibi alinikalisha, akaniuliza kama kuna kitu hapa cha kunizuia. Nikasema hakuna.

Televisheni haihitajiki tena. Nakushukuru kwa muda wako na kwa maelezo. Ile ya zamani nimeiacha chini ya ngazi, ukitaka vyuma vyake mwambie Fuad akufungulie.

Ndinda atakuletea hii kesho asubuhi kabla sijaondoka. Nimempa na kikombe changu cha kahawa, kwa kuwa alikuwa anakipenda.

Kwaheri,
Swabaha binti Mselem


(Juu ya bahasha, kwa kalamu ya wino: Kutoka Lamu. Imefika ofisini 16 Juni. Imechukuliwa 20 Julai. Jael, vifurushi.)

Lamu,
14 Juni 2010

Weye Faraj,

Assalaam alaykum. Mimi na umri huu nimesoma barua yako nikapiga ukelele mpaka jirani akaja na maji. Nani alikwambia tarehe ishirini? Eda inahesabiwa kwa kalenda ya duka? Eda ni kwa mwezi wa angani, baba! Mwezi wa angani ni mfupi. Ukihesabu miezi minne na siku kumi ya mwandamo tangu kufa kwake Ghalib, Swabaha anatoka tarehe kumi na sita Julai, siku ya Ijumaa. Hukupata kujua kwa sababu wanaume hamkai eda, mnasikia tu fulani katoka.

Sasa sikiliza. Ijumaa ile, akishaogeshwa tu, barua yako iwe mlangoni. Usingoje kununua kitu. Usingoje kushona kitu. Ukitaka kupeleka zawadi, peleka baadaye. Mwanamke aliyewahi kukungojea bure mara moja hatakungojea siku nne.

Nimefurahi, ndugu yangu. Tangu mkeo afariki, miaka sita sasa, sijakuona ukitaka kitu. Nimelia kidogo, wajukuu wananiuliza kuna nini.

Nijibu haraka nijue umeipata.

Dadako,
Mwanakuu


Mwembe Tayari,
Jumanne, 20 Julai 2010

Swabaha,

Barua niliyokuwa nimekuandikia ilikuwa nzuri sana. Niliiandika mara tano, ikiwa na salamu zote na mistari iliyonyooka. Nimeichana. Hii naiandika kwenye karatasi ya risiti, na nitampelekea Bwana Fuad aiposti huko uliko.

Jana Jumatatu nilifunga duka. Katika miaka yote sijapata kulifunga siku ya Jumatatu. Nilikwenda kwa kinyozi, nikaenda kwa fundi cherehani kuchukua kanzu mpya, nikazunguka kutafuta halua ya kaka yako, kwa sababu nilitaka leo kila kitu kiwe tayari. Nawe ulikuwa uwanja wa ndege. Ndinda alikuja na barua yako saa mbili asubuhi akakuta kufuli. Alikaa kwenye ngazi mpaka adhuhuri, na majirani wanasema alikuwa anaupiga mlango kwa jiwe huku akinitukana kwa Kikamba. Leo alipofika hakuniomba soda. Alinipa barua, akakaa chini, akafunika uso kwa leso.

Nilihesabu kwa kalenda ya duka. Hiyo ndiyo sababu yote, hakuna nyingine. Dada Mwanakuu aliniandikia tangu Juni kunisahihisha, na barua yake ilikaa mwezi mzima ofisi ya mabasi, hatua ishirini kutoka hapa. Niliipita kila siku nikienda kunywa chai. Nilikuwa natengeneza televisheni za watu watazame mpira. Leo nimekwenda kuichukua, yule dada wa vifurushi akaniambia, "Mzee, hii ilikuwa inazeeka hapa." Nimeisoma nimesimama barabarani.

Basi nakwambia wazi, sasa kwa kuwa inafaa na haisaidii. Nakuposa. Mimi Faraj, miaka hamsini na mitano, mgane, nina duka la kupanga na afya ya kutosha. Nilikutaka nikiwa na miaka ishirini na tatu, nikachelewa kwa sababu ya redio. Baada ya hapo ulikuwa mke wa mtu na sikukutazama, Mungu shahidi. Ila dhambi moja ninayo na lazima uijue. Televisheni yenu ilikuwa na kifaa ambacho ningekibadilisha mara moja shida ikaisha. Mimi nilikuwa nakikaza tu, ili miezi mitatu baadaye Bwana Ghalib aniite tena. Sikupata kukuona. Ulikuwa ukikaa chumba cha ndani ukiagiza niletewe kahawa, nami nilikuwa nasikia sauti hiyo moja, "Mpelekeeni Fundi kahawa," kisha narudi dukani. Hivyo ndivyo nilivyoishi.

Sikulaumu kwa kwenda. Hukuwa na cha kukuzuia kwa sababu mimi sikukupa. Huko watakupenda, mtoto atazaliwa, utakuwa bibi. Lakini leo nimepita nyumbani kwako, na madirisha yote yamefungwa, nami nikasimama pale kana kwamba nimetumwa kitu nikakisahau.

Nilitaka kujua unakaa kiti gani. Ni hilo tu nilikuwa nauliza tangu mwanzo.

Faraj


Mississauga,
15 Agosti 2010

Faraj,

Assalaam alaykum, na Ramadhani njema. Barua yako Fuad alikaa nayo siku kumi kabla ya kuiposti, kwa hivyo usidhani ni wewe peke yako mwenye kuchelewa katika mji ule. Imefika juzi. Nimeisoma bafuni nimefunga mlango, maana nyumba hii haina mahali pengine pa kusoma barua.

Kwanza nikugombeze. Marehemu alikuwa anajilaumu kwa ile televisheni! Alikuwa ananiambia, "Pengine sijui kuizima vizuri." Idd moja tulikaa na wageni tunatazama mistari. Mtu mzima mzima, na ndevu zako, unakaza kifaa! Nilikasirika mpaka nikacheka, kisha nikaomba msamaha kwa niaba yako, nawe uombe.

Sasa na mimi nina langu, na ni baya zaidi. Nilijua unakosea. Uliponiandikia Jumanne tarehe ishirini, nilihesabu kwa vidole, nikahesabu tena kwa tasbihi, nikaona ninatoka Ijumaa na wewe umepitiliza siku nne. Kalamu nilikuwa nayo mkononi na Ndinda amesimama mlangoni anangoja. Neno moja tu lingetosha. Nikaona haya. Mjane amwambie mwanamume siku atakayokuwa huru, si ndiyo kumwita aje? Nikajiambia, akinitaka kweli atauliza, atahesabu sawasawa. Nikakutahini wala sikukwambia kwamba ni mtihani.

Ijumaa ile nilikaa nimevaa, kila mlango ukigongwa natega sikio. Jumamosi nililia. Jumapili nikakasirika, na mimi nikikasirika ndipo mambo yangu huwa ya haraka. Ningeweza kumwambia Zakariya tungoje Jumanne. Lakini ningemwambia nini, kwamba kuna fundi amesema Jumanne? Kwenye ndege nilikaa dirishani, na tulipopanda juu nikaona kisiwa chote, hata Mbaraki na meli zake, nikakitafuta kibanda chako kama mwehu. Zakariya akaniuliza nimepoteza nini. Nikamwambia pete.

Huku wananitunza. Wajukuu wanalala na mimi mmoja kila upande. Televisheni yao ni LCD, kubwa ajabu, na ulisema kweli kwamba pembeni rangi zinapauka, kwa sababu watoto wana katikati na mimi nakaa pembeni. Kuna mapishi mchana kutwa. Nawagombeza wapishi kwa Kiswahili, na wajukuu wanadhani nazungumza na watu.

Lakini hapana adhana ninayoisikia kutoka dirishani. Hapana mtu anayepita njiani nikamjua kwa viatu vyake. Wakati wa kufuturu nakatakata tende, nakumbuka kule futari ikifika ni nani amekaa wapi, na wewe ndiye ninayekukumbuka kuliko wote, nawe sijapata hata kukaa chumba kimoja nawe. Nilikuwa nikikataza moyo, miaka yote. Nilikuwa mke wa mtu na nilikuwa mke mwema, na Ghalib alikuwa mwema kwangu. Sasa hakuna wa kunikataza na bahari yote iko katikati. Inaniuma, Faraj. Nilikuwa mwendo wa dakika kumi kutoka kwako, nikapanda ndege kwa sababu ya hasira za siku nne.

Jibu langu ni ndiyo. Nimelisema kwa mdomo pia, jana baada ya kufuturu, mbele ya Zakariya na mkewe. Zakariya akaniuliza, "Yule fundi anayetazama?" Nikamwambia ndiyo, huyohuyo. Akaingia chumbani, mkewe akamfuata, nikawasikia wakinong'ona. Aliporudi macho yake yalikuwa mekundu. Akasema, "Mama, mbona siku ile nilikuuliza?" Nimembusu kichwa. Fuad naye nimempigia simu, anasema yeye hana neno, wazee waje.

Wapeleke wiki hii. Usinunue kitu.

Siwezi kuja sasa hivi. Mtoto anazaliwa Septemba, na siwezi kumwacha mke wa mwanangu kabla ya arubaini yake. Nitarudi mwanzo wa Novemba, inshallah. Ni muda mrefu na sijui nitaumalizaje. Niandikie kila wiki, nitajie kila ulichokifanya, hata kama ni kutengeneza pasi. Andika na mvua ikinyesha, andika Ndinda amekuja na mchicha gani.

Hapa jirani yuko mama wa Kisomali aliyewahi kukaa Majengo, Kiswahili chake kizuri. Leo asubuhi amenikuta jikoni peke yangu nacheka huku machozi yananitoka, akaniuliza, "Bi Swabaha, kuna nini?"

Nikamwambia, "Nimeposwa."

Swabaha